Kompyuta za zamani zinapolipuka, kuvuja au kuungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa fundi, mwalimu wa kompyuta, au yeyote aliyeachiwa mashine za zamani na ofisi, shule au mzigo wa mitumba. Hesabu zote zinafuata umeme wa Uganda, yaani volti 240, hezi 50. Ndani ya pawa saplai na ndani ya monita ya kioo (ile nene ya zamani, CRT) mna umeme wa kuua. Kama hujawahi kufanya kazi humo, mpe anayeijua.

Kompyuta imekaa stoo miaka kumi. Si niiwashe tu nione kama bado inafanya kazi?

Usiiwashe. Mashine nyingi za zamani huvumilia stoo vizuri, kisha huuawa na mtu aliyetaka "kuona tu". Katika miaka hiyo utando wa oksidi ndani ya kapasita za elektroliti (vile vikopo vinavyohifadhi chaji) umedhoofika, grisi ya feni na hadidiski imeganda, betri imevuja, na mende wametaga. Hayo yote hutulia kimya mpaka volti 240 ziingie.

Anza kwa kufungua boksi kabla hujachomeka chochote. Liinamishe taratibu usikilize kama kuna skrubu inayogaagaa ndani. Tazama betri, vichwa vya kapasita, na swichi ya volti iliyo nyuma. Chomoa pawa saplai kwenye bodi kuu na kwenye diski zote. Sasa pima omu upande wa bodi: kati ya njia ya waya mwekundu (+5) na mweusi, kisha ya waya wa njano (+12) na mweusi. Kwenye bodi nzima namba huanza chini ikapanda kadiri kapasita zinavyojaa. Ikiganda karibu na sifuri, kuna shoti, na kuiwasha kutageuza kosa dogo kuwa moshi.

Halafu jaribu pawa saplai peke yake, ukipitisha umeme kwenye taa ya mfululizo. Hii ni balbu ya zamani ya waya wa moto, wati 100, iliyofungwa kwenye waya wa fezi (ule wenye umeme) kabla ya umeme kufika kwenye mashine. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ikimulika mara moja na kufifia, upande wa umeme mkubwa ni mzima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imekuokolea kila kilichobaki.

Ikipita hapo, ondoa taa na upime volti. +5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, +12 kati ya 11.4 na 12.6, na +3.3 kati ya 3.14 na 3.46. Pawa saplai za AT (muundo wa zamani) haziwaki sawasawa bila mzigo, kwa hiyo funga resista ya omu 5, wati 10 kwenye +5. Itapata joto kali, isiguse plastiki. Za ATX (muundo uliofuata) huwashwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wowote.

Tahadhari moja ambayo wengi waliozoea ATX hawaijui: kwenye maboksi ya AT, swichi ya mbele hubeba umeme wa ukutani wenyewe. Zile nyaya nne zinazokuja mbele, kahawia, buluu, nyeusi na nyeupe, zina volti 240 mashine ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa.

Mashine imetoka Marekani. Nilipoichomeka ilipiga kishindo na moshi ukatoka nyuma. Imekufa?

Mara nyingi pawa saplai ndiyo iliyokufa, na bodi imepona. Angalia swichi ndogo nyekundu nyuma. Bila shaka ilikuwa kwenye 115.

Ndani mna kapasita mbili kubwa, kila moja kwa kawaida ya volti 200, zimefungwa kwa kufuatana. Swichi ikiwa kwenye 230, umeme wa 240 ukishanyooshwa hufika kama volti 340 za mkondo mnyoofu, na kila kapasita hubeba nusu, 170. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi hugeuka ya kuzidisha mara mbili, iliyokusudiwa umeme dhaifu wa Marekani. Ukiipa 240, kila kapasita hupokea 340 peke yake. Hapo gesi hujaa ndani ya kopo, kifuniko hupasuka, na karatasi yenye maji ya elektroliti hutapakaa kila mahali.

Kabla ya kugusa, chomoa na umwage chaji iliyobaki: resista ya kilo-omu 10, wati 5, ishikilie kwenye miguu ya kila kapasita kwa sekunde 30, kisha hakikisha kwa mita. Badilisha kapasita zote mbili, hata kama moja inaonekana nzima, kwa uwezo uleule, mara nyingi mikrofaradi 470 au 680, volti 200. Badilisha fyuzi kwa aina na ampea zilezile. Pima daraja la dayodi, yaani zile zinazonyoosha umeme. Kila dayodi isome kama 0.5 upande mmoja na isipitishe upande wa pili. Pima na zile transista mbili za kuwasha na kuzima, ambazo kwenye pawa saplai nyingi za bei nafuu huandikwa 13007 au 13009. Safisha elektroliti kwa spiriti, maana inapitisha umeme. Jaribio la kwanza lipite kwenye taa ya mfululizo.

Baada ya hapo, weka tone moja la gundi juu ya swichi ikiwa kwenye 230 ili asije mwanafunzi akaisogeza. Kuna mashine ambazo hazina swichi kabisa na zimeandikwa 115 tu. Hizo zinahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati angalau moja na nusu ya zile zilizoandikwa kwenye mashine.

Moshi mweupe mzito, harufu mbaya kweli, lakini mashine inaendelea kufanya kazi. Inawezekanaje?

Hiyo ni kapasita ya kuchuja umeme, na mshukiwa wa kwanza ni ile ya kiboksi cha plastiki ya manjano angavu, yenye jina RIFA. Zilitengenezwa kwa karatasi iliyopakwa metali. Plastiki ya nje hupata nyufa nyembamba, unyevu huingia, karatasi huvimba, na siku ya kuwashwa huungua polepole. Zimo kwenye BBC Micro, kwenye Apple II na kwenye mashine nyingi za miaka ya 1980.

Kazi yake ni kuzuia kelele za redio tu, ndiyo maana mashine haizimi, na mara nyingi hata fyuzi haikatiki. Nyingine hukaa kabla ya swichi, kwa hiyo zinaweza kuungua hata mashine ikiwa imezimwa ila imechomekwa.

Usisubiri iungue. Ukiona nyufa, iondoe. Weka ya polipropilini yenye alama X2 (daraja la usalama kwa umeme wa ukutani), uwezo uleule, mara nyingi mikrofaradi 0.1, volti 275 au zaidi. Pima umbali wa miguu kabla ya kununua. 15 na 20 milimita ndizo za kawaida. Ile iliyofungwa kati ya umeme na athi (waya wa ardhini) lazima iwe daraja la Y, usiweke X wala kapasita ya kawaida. Ikishoti, kesi yote ya chuma inakuwa fezi.

Kapasita kwenye bodi zimevimba vichwa, nyingine zina uchafu wa kahawia. Nibadilishe zipi, na kwa nini zinakufa kwa makundi?

Kati ya takriban 1999 na 2007 viwanda kadhaa, hasa vya Taiwan, viliuza kapasita zenye elektroliti ya maji isiyo na viungo sahihi vya kuilinda aluminiamu. Maji yakashambulia chuma, haidrojeni ikazaliwa, kopo likavimba mpaka msalaba uliochorwa juu ukapasuka. Dell OptiPlex GX270 na GX280 ndizo zilizopata sifa mbaya zaidi, na kwa kuwa zilikuja Afrika Mashariki kwa wingi kama mitumba, bado utazikuta kwenye maabara za shule.

Dalili huja kwa hatua. Mashine inahitaji kuwashwa mara mbili tatu asubuhi, kisha inajizima yenyewe, kisha inawasha feni bila picha. Aliyepuuza hatua ya pili hujikuta ametumia volti zisizotulia mpaka transista za karibu na prosesa zikaungua, na hapo bodi haistahili tena kutengenezwa.

Badilisha zote za kundi lile, yaani zile zinazozunguka prosesa na zote za jina lilelile, hata zilizo bapa. Kapasita mbovu inaweza kuwa imepoteza kazi bila kuvimba. Kanuni za kununua: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au juu kidogo, joto la nyuzi 105, aina ya ukinzani mdogo wa ndani. Hili la mwisho ndilo watu hulikosea. Kapasita ya kawaida ya redio yenye mikrofaradi 1500 itaingia vizuri, itafanya kazi wiki mbili, kisha itachemka. Pima pia kipenyo, 8 au 10 milimita. Ya 10 huenda isitoshe chini ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa).

Kuitoa: bodi ina matabaka ya shaba yanayokunywa joto, kwa hiyo chuma cha kulehemu cha wati 60 chenye ncha pana kinafaa kuliko cha 25. Ongeza risasi mpya ya 60/40 kwenye miguu yote miwili kwanza, maana risasi ya kulehemu ya zamani, hasa ile isiyo na madini ya risasi ndani yake, huyeyuka kwa shida. Pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita, kisha wa pili, ikitoka hatua kwa hatua. Ukivuta kwa nguvu utang'oa bomba la shaba lililo ndani ya tundu, na kosa hilo huenda lisirekebishike. Safisha tundu kwa utambi wa shaba na flaksi, au kwa sindano ya chuma kisichoshika risasi.

Mstari kwenye kapasita ni hasi. Alama kwenye bodi zisikudanganye: watengenezaji hawakukubaliana, wengine walipaka rangi upande hasi, wengine upande chanya. Piga picha kabla ya kutoa ya kwanza. Kapasita iliyowekwa kinyume hulipuka ndani ya sekunde chache, usoni mwa anayeinama kutazama.

Bodi ya 386 au 486 ina unga wa kijani na buluu pembeni. Ni kutu?

Ni betri. Bodi hizo zilikuwa na kipipa cha nikeli-kadimiamu cha volti 3.6, mara nyingi cha buluu au kijani, kilicholehemiwa moja kwa moja. Kikizeeka huvuja potasiamu haidroksidi, ambayo ni alkali kali. Hutambaa kando ya njia za shaba, huingia chini ya soketi, na hupenda sana eneo la kiunganishi cha kibodi kwa sababu betri huwekwa hapo karibu. Amiga 2000 na 4000 zina ugonjwa uleule.

Kata betri sasa hivi, hata kama haijavuja. Vaa glavu na miwani. Pakia siki nyeupe kwa mswaki, au juisi ya ndimu iliyochujwa, mpaka mapovu yakome. Suuza kwa maji safi, halafu maji yaliyotoneshwa, halafu spiriti ya aisopropili. Maji yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri yanafaa, ila soma chupa: pembeni yake huwa kuna asidi ya betri yenye chupa inayofanana. Kausha siku nzima juani.

Sasa kazi ya kweli. Kwaruza rangi ya kijani palipopoteza mng'ao, utaona shaba nyeusi. Pima kila njia mwanzo hadi mwisho kwa mlio wa mita. Iliyokatika iunge kwa waya mwembamba wa milimita 0.25 kutoka tundu hadi tundu, usijaribu kulehemu juu ya shaba iliyooza, haishiki. Soketi iliyonyonya alkali itolewe yote. Ukiiacha, utarudi baada ya miezi sita.

Betri mpya isilehemiwe mahali pa ile ya zamani. Ukitumia CR2032 (betri ya kidonge), weka dayodi ya 1N4148, kwa sababu bodi hujaribu kuchaji na betri hiyo haichajiki. Bora zaidi ni kishikio cha betri tatu za AAA kwenye waya, mbali na bodi, na dayodi papo hapo.

Zile betri za lithiamu za nusu AA za kompyuta za Macintosh, SE/30 na wenzake, huvuja kitu tofauti, chenye asidi, na hula hadi kesi ya chuma. Hapo siki haisaidii. Tumia magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa katika maji.

Kitone cha rangi ya chungwa kimewaka moto kama kiberiti. Ni nini?

Tantalamu. Kapasita hii ikishindwa haifunguki, hushoti, na ndani yake mna kila kinachohitajika kuwaka. IBM PC 5150 na XT zinazo nyingi, mikrofaradi 10, volti 16, zikiwa kwenye njia ya volti 12. Tofauti hiyo kati ya volti 12 na 16 ni finyu mno kwa tantalamu. Ikishoti bila kuwaka, feni ya pawa saplai husogea kidogo na kusimama. Toa kadi moja moja mpaka izunguke, utajua shoti iko wapi. Rudishia ya volti 25 au 35, na uzingatie chanya, kwa sababu kwenye tantalamu alama iliyochapwa ni ya chanya, kinyume cha elektroliti.

Viunganishi P8 na P9, vya pawa saplai ya AT kwenda bodi kuu, vinaingia upande wowote. Vipi sahihi?

Nyaya nyeusi zikutane katikati. Kinyume chake ni kifo cha bodi, RAM na kila kadi.

Prosesa imeungua bila moshi, na mashine ilikuwa nzima kabla ya safari. Ilikuwaje?

Kama ni AMD Athlon ya soketi A ya miaka ya 2000 na 2001, safari ndiyo jibu. Hitisinki hizo nzito zilining'inia kwenye vijino vya plastiki vya soketi. Boksi likisafirishwa wima kwenye buti la taksi kutoka Kampala hadi Mbale, au nyuma ya boda, kijino hukatika na hitisinki hulegea. Athlon za Thunderbird hazikuwa na kinga yake yenyewe ya joto. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha prosesa hizo zikipita nyuzijoto 300 ndani ya sekunde chache baada ya hitisinki kuondolewa, huku Pentium 4 ikipunguza tu mwendo.

Laza boksi, bodi ikiwa chini na hitisinki ikiangalia juu, kila safari. Ukifika, fungua na ushike hitisinki kabla ya kuwasha. Wakati wa kufunga, usibonyeze upande mmoja, kwa kuwa kipande cha silikoni kiko wazi na pembe zake humeguka. Pesti ya joto kiasi cha punje ya mchele inatosha.

Umeme uliporudi, mashine nne za maabara zilikufa pamoja na taa mbili. Ni radi?

Kama hakukuwa na mvua, shuku nyutro (waya wa kurudishia umeme). Nyumba na shule nyingi hulishwa kutoka mfumo wa fezi tatu, volti 415 kati ya fezi na fezi, 240 kati ya fezi na nyutro. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, fezi hugawana volti 415 kwa kadiri ya mizigo, na upande wenye mzigo mdogo huweza kupata 300 na zaidi. Dalili yake ni taa za chumba kimoja kung'aa kupita kiasi huku za chumba kingine zikififia. Zima swichi kuu wakati huohuo na utoe taarifa UEDCL, shirika la usambazaji umeme Uganda, ambao tangu Aprili 2025 wamechukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme.

Ndani ya pawa saplai utakuta fyuzi nyeusi ndani, na kidonge cha buluu cha varista, kinachonyonya volti zinazozidi, kimepasuka. Varista ilifanya kazi yake. Badilisha vyote viwili kabla hujarudisha mashine kazini. Fyuzi peke yake itafanya mashine iwake, lakini bila kinga. Kilinzi cha volti kinachokata juu ya 260 na kusubiri dakika kadhaa umeme unaporudi kina thamani kuliko stebilaiza nyingi za bei rahisi.

Radi nayo ni hoja nzito. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yenye radi nyingi duniani. Haiingii kwa waya wa umeme tu. Modemu za simu zilikufa kupitia laini, na swichi za mtandao hufa kupitia kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine. Kati ya majengo tumia faiba. Pasipo faiba, chomoa kebo mawingu yanapokusanyika upande wa ziwa.

Kinga ya radi bila athi ni mapambo. Pima kwenye soketi: fezi na nyutro 240, fezi na athi karibu 240, nyutro na athi chini ya volti 5. Fezi na athi ikisoma namba ya ajabu kama 70 au 120, athi haipo. Hiyo pia ndiyo sababu kesi ya kompyuta "inauma" ukiigusa miguu ikiwa mitupu: kapasita za kuchuja huipa kesi karibu nusu ya volti za ukutani. Dawa ni plagi ya pini tatu na athi ya kweli. Viatu vinaficha tatizo tu.

Hadidiski inagonga tik-tik-tik. Niiweke friza?

Usifanye hivyo. Ukiitoa kwenye baridi ndani ya hewa nzito ya Entebbe au Jinja, matone ya maji yatajikusanya juu ya sahani zinazozunguka ndani. Zima. Kama data ina thamani, usiiwashe tena, mpelekee mtu mwenye vifaa. Kama unaweza kuipoteza, iunganishe kwenye mashine nyingine na unakili kila kitu mara moja kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu), ukianza na maeneo mazima.

Sababu hutofautiana. Kwenye IBM Deskstar 75GXP ya mwaka 2000, sahani ni za kioo, na kichwa kikizikwaruza huondoa tabaka la sumaku mpaka unaona upande wa pili. Kwenye Fujitsu za familia ya MPG3 shida ilikuwa plastiki ya chipu iliyokuwa na fosforasi nyekundu. Unyevu uliigeuza asidi na kushotisha miguu, kwa hiyo diski hupotea kabisa bila kugonga. Diski za megabaiti 20 au 40 za miaka ya 1980 zisizozunguka kabisa huwa vichwa vimenata: ishike bapa na uizungushe ghafla kwa kifundo cha mkono kama unavyofungua kifuniko cha chupa, mara moja au mbili, huku ikiwa na umeme. Usiigonge mezani.

Zip ya megabaiti 100 (kifaa cha diski za kuingiza na kutoa) inayogonga inaambukiza. Kichwa kilichopinda hurarua ukingo wa diski, na diski iliyoraruka huharibu kifaa kingine. Usijaribu diski nzima kwenye kifaa kinachogonga.

CD imepasukia ndani ya kifaa. Ni kasoro ya kifaa?

Kwa kawaida ni ya CD. Kifaa cha 52x huzungusha zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ufa mdogo karibu na tundu la kati hukua mpaka plastiki inachanika na vipande kutoboa mlango. CD yenye ufa au karatasi iliyobandikwa upande mmoja isomwe kwenye kifaa cha polepole, 8x au chini.

Kuna programu inayoweza kuharibu chuma?

Zipo chache za kweli. Kirusi cha CIH kiliamka tarehe 26 Aprili 1999 na kufuta chipu ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) kwenye bodi zilizokubali kuandikwa. Bodi haikuungua, chipu ikiandikwa upya kwenye kifaa cha kuandikia, mashine huwaka. Mwaka 2003 Mandrake Linux 9.2 iliua baadhi ya vifaa vya CD vya LG kwa sababu vilipokea amri halali ya kusafisha kumbukumbu na kuielewa kama amri ya kupokea programu mpya ya ndani. Na monita ya IBM 5151 haina saketi yake ya kutoa mapigo ya mistari ya mlalo, hutegemea ishara ya kadi. Ukiipa ishara isiyofaa, sehemu ya volti kubwa huungua.

Monita ya kioo inatoa mlio wa kuunguza na harufu kali. Naweza kuifungua?

Zima kwanza. Transfoma ya volti kubwa imepata ufa na umeme unaruka hewani. Harufu hiyo ni ozoni. Chini ya ile kofia ya mpira kwenye kioo huwa kuna volti 15,000 hadi 27,000, na kioo huweza kubaki na chaji siku kadhaa. Mafundi huimwaga kwa bisibisi yenye mpini mzuri na waya uliobanwa kwenye msuko wa chuma unaozunguka kioo, kamwe si kwenye bodi. Kama sentensi hiyo ni ngeni kwako, usifungue.

Tumekuta mjusi ameungua ndani ya pawa saplai.

Hutafuta joto usiku, huingia kwenye matundu ya kadi yasiyofunikwa, na mwili wake huunganisha fezi na nyutro. Fyuzi hukatika. Kinachosahaulika ni kaboni nyeusi inayobaki kwenye bodi, nayo hupitisha umeme. Ikwaruze mpaka ubao safi uonekane, pangusa kwa spiriti, kisha pima. Funika matundu kwa vibati au wavu mwembamba wa mbu, nje ya njia ya feni. Vumbi jekundu la murram lipulizwe nje, ukiishika feni isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa hutoa volti kurudi kwenye bodi.

Betri ya laptopu au ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) imevimba. Bado inashika chaji, niendelee?

Hapana kwa zote mbili. Mwaka 2006 Dell pekee walitaka zirudishwe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony kwa sababu vumbi la chuma ndani lilisababisha shoti na moto. Iliyovimba usiitoboe, usiibane, usiichaji. Iondoe, bandika teepu kwenye ncha zake za umeme, iweke juu ya saruji au kwenye debe la mchanga nje ya nyumba.

Betri za UPS za volti 12, ampea-saa 7, huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, mapema zaidi mahali umeme unapokatika kila siku. Ikivimba hadi haitoki, usiilazimishe kwa bisibisi. Fungua kesi ya UPS yenyewe. Pima UPS kabla ya kuweka mpya: volti za kuchaji zikizidi 13.8, itapika na hiyo mpya.

Tuweke vipuri gani, na mabaki tuyapeleke wapi?

Kwa mashine za miaka ya 1998 hadi 2006: kapasita za ukinzani mdogo za mikrofaradi 1000, 1500 na 3300, volti 6.3 na 10, kumi kumi. Jozi mbili za 470 volti 200. X2 za 0.1, varista za volti 275, fyuzi za ampea 5, CR2032. Usivue kapasita kwenye bodi nyingine mbovu ya mwaka 2003, ni mbegu ileile. Soketi, viunganishi, feni na hitisinki unaweza kuvua.

Mabaki mengi huishia Katwe au Kisenyi, Kampala, kwa wanunuzi wa vyuma. Kesi na hitisinki ziende huko. Bodi, betri na monita zisiende kwa anayechoma nyaya ili kupata shaba: kioo cha monita kina madini ya risasi, betri za kipipa zina kadimiamu, na moshi wa bodi ni sumu. Uliza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ni mkusanyaji gani ana leseni kwenye wilaya yako, na shule ziombe hati ya makabidhiano yenye namba za mashine, maana mkaguzi wa mali ataziulizia.